Baridi ya Butembo, Sufu ya Wengine

Kiberiti cha kwanza kilizimwa na upepo. Cha pili kikashika. Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi za nyuma ya nyumba yetu, Butembo, asubuhi ya ukungu mzito, vidoleni nimeshika uzi mfupi niliouchomoa kwenye pembe ya blanketi la nyanya yangu. Uzi ule haukuwaka kama pamba inavyowaka. Ulijikunja, ukasinyaa, ukazima wenyewe nilipoondoa moto, ukaacha harufu ya nywele zilizoungua na jivu jeusi lililopondeka mara nilipoligusa. Mama, aliyekuwa jikoni, akauliza ni kuku gani anababuliwa mapema hivyo.

"Si kuku, Mama. Ni kondoo."

Anayetoka Kinshasa au Kisangani akija kwetu kwa mara ya kwanza hucheka kuona watu wamevaa makoti kilomita 15 tu kutoka Ikweta. Hucheka hadi usiku uingie. Mji wetu uko zaidi ya mita 1,700 juu ya bahari, na baridi yake haina theluji wala sifa, ni ya unyevu tu, ile inayopita chini ya mlango na kukaa miguuni. Kila nyumba ina blanketi, na familia nyingi zina moja ambalo watoto hawaruhusiwi kulichezea. La kwetu ni la rangi ya kahawia, lina mistari miwili iliyofifia kila upande, na linachoma shingo kama kidevu cha mjomba asiyenyoa. Babu alilinunua kwa fedha za kahawa katika duka la Mgiriki, kabla ya 1973, mwaka ambao Mobutu alitangaza kwamba maduka ya wageni yapewe wananchi. Lebo yake ilioza zamani. Limebaki jina tu, "blanketi la Ulaya", na sisi wajukuu tulikua tukidhani Ulaya ni jina la kiwanda.

Jambo lililonikalisha kwenye ngazi zile na kiberiti ni dogo. Mji wetu unajua nguo kuliko miji mingi. Tunaziuza, tunazishona, tunazibeba kwenye chukudu, vile vigari vya mbao vya kusukuma, hadi sokoni, na mama wa hapa akigusa kitambaa gizani atakuambia kitachuja au hakitachuja. Lakini sufu hatujawahi kuifuma hata kidogo. Kondoo wa vilima vya Lubero wana nywele fupi kama za mbuzi; tunawachinja, hatuwanyoi. Kwa hiyo joto lote lililotulinda vizazi vitatu lilitoka katika mikono ya watu tusiowajua. Nikataka kuwajua.

Kiswahili kinawajua kwa sehemu. Lugha hii imehifadhi sufu katika maneno ambayo siku hizi tunayataja bila kuyasikia. Bushuti ni kitambaa kizito cha sufu. Joho, ambalo wengi wetu tunalijua kama vazi la wahitimu wa chuo kikuu, kwanza ni jina la kitambaa chenyewe, sufu iliyofumwa kisha ikagandamizwa hadi nyuzi zisionekane, kitambaa cha mabwana wa Pwani. Upande wa pamba kuna merikani, shuka isiyopaushwa iliyofumwa Massachusetts, Marekani, katika karne ya 19, ikapitia Unguja, ikabebwa mabegani na misafara hadi huku kwetu bara, ambako ilihesabiwa kama fedha. Angalia walivyofanya wazee: kitambaa walikiita kwa jina la kilikotoka. Sisi tulio na lebo, risiti na simu tunaita "blanketi la Ulaya" na kulala.

Sasa nikuhamishe mbali kidogo, msomaji, hadi bonde la mto Vesdre, mashariki mwa Ubelgiji, mji wa Verviers. Sisemi blanketi letu lilitoka huko. Nasema kwamba mtu wa Kongo akitaka kujua sufu na mkoloni wake vilikutana wapi, pa kuanzia ni hapo.

Verviers ilikuwa mji wa sufu kwa sababu ya maji. Vesdre inashuka kutoka nyanda za majimaji zenye udongo wa mboji, na maji yake hayana chokaa. Sufu mbichi ni chafu kupita kiasi, imejaa mafuta ya mwili wa kondoo, jasho na miiba, na ukitaka kuisafisha kwa maji yenye chokaa, sabuni inagoma kutoa povu. Maji ya Vesdre yaliisafisha ikalainika. Ndipo sufu ya Australia, ya Argentina na ya Afrika Kusini ikawa inavuka bahari kwenda kuogeshwa katika mto mdogo ambao ungeweza kuulinganisha na Kimemi yetu.

Katika mji huo, mwaka 1680, ilianza kampuni ya kufuma sufu ya ukoo wa Simonis. Ubelgiji wenyewe haukuwepo; ulizaliwa 1830, kampuni ikiwa na miaka 150. Mwaka 1799, Verviers ikiwa chini ya Wafaransa, Iwan Simonis na dada yake Marie-Anne walimpokea fundi Mwingereza aliyeitwa William Cockerill. Sheria ya Uingereza wakati huo ilikataza mafundi kutoroka na siri za mashine za kusokotea nyuzi. Cockerill alitoroka nazo kichwani, akaziunda Verviers, na bara la Ulaya likapata mashine zake za kwanza za kusokota sufu. Napenda kuikumbuka habari hii ninaposoma taarifa za magendo ya Kasindi, mpakani mwetu na Uganda. Viwanda vya Ubelgiji vina magendo katika ukoo wao.

Sufu ilivyozidi, mto ukapungukiwa. Serikali ikajenga bwawa juu ya mji, bwawa la Gileppe, ili viwanda visikose maji laini, na juu ya ukuta wake ikaweka simba mkubwa wa mawe. Aliyelizindua, mwaka 1878, alikuwa Mfalme Leopold wa Pili. Miaka saba baadaye, mfalme huyohuyo alitambuliwa kuwa mwenye nchi yetu. Wafumaji wake walijengewa bwawa. Sisi tulijengewa nini, tunajua.

Viwanda vya Verviers vilikufa kimoja kimoja katika karne ya 20, kwa bei ya nguo za nje na kwa nyuzi mpya zinazotengenezwa kwa mafuta ya petroli. Kampuni ya Simonis haikufa. Iliacha makoti na suti, ikashika kitu kimoja chembamba ambacho wengi hawakukitilia maanani: kitambaa cha meza ya biliadi. Bado inakifuma, sufu iliyochanganywa na nailoni kidogo, na mabingwa wa dunia hucheza juu yake. Zaidi ya miaka 340, na kazi ni ileile, uzi kwa uzi, mtande na mshindio. Katika baa moja ya Beni niliwahi kuona meza ya biliadi ambayo kitambaa chake kimebandikwa plasta ya hospitali mahali palipochanika, na vijana wanajua kabisa namna mpira unavyoruka ukifika kwenye plasta. Wameiingiza katika hesabu zao. Kile bila shaka hakikuwa kitambaa cha Simonis. Hata hivyo nilikigusa, na mwenye baa akanitazama kwa mashaka.

Wabelgiji hao waliofuma sufu kwao hawakuleta sufu kwetu. Walileta pamba, na waliileta kwa amri. Kuanzia 1917, wakati wa Vita vya Kwanza, wakulima wa Uele na sehemu nyingine walilazimishwa kulima pamba. Makampuni yakagawiwa maeneo, na mkulima aliuza kwa kampuni ya eneo lake kwa bei iliyopangwa na wengine. Aliyekataa alifungwa au kuchapwa. Sehemu kubwa ya pamba ilikwenda Ulaya. Nyingine, kuanzia miaka ya 1920, ilifumwa hapahapa nchini, katika kiwanda kilichokuja kuitwa Utexléo pale Léopoldville, ambayo leo ni Kinshasa.

Kampuni mama yake, Texaf, ilianzishwa 1925. Baada ya uhuru kiwanda kikaitwa Utexafrica, na kwa miaka mingi kilisokota, kilifuma na kuchapa vikwembe vilivyovaliwa kuanzia Matadi hadi huku. Kilikuwa na ndugu zake: Filtisaf ya Kalemie kando ya Tanganyika, na Sotexki ya Kisangani, ambayo mama zetu waliijua zaidi kwa sababu Kisangani ndiko malori ya Butembo yalikokwenda. Mwanaanthropolojia Janet MacGaffey aliandika katika miaka ya 1980 kuhusu wafanyabiashara Wanande wa kwetu, waliopeleka maharagwe na mboga Kisangani huku dola ya Mobutu ikiwaangusha wenzao. Baba yangu alikuwa mmoja wao, wa ngazi ya chini. Alikwenda na maharagwe, akarudi na marobota ya Sotexki, na safari ya kurudi ndiyo iliyomletea faida. Alikuwa na kawaida ya kufungua robota nyumbani kabla ya kulipeleka dukani, kuangalia kama mvua ya njiani imepenya. Harufu ile ya wanga na rangi mpya ilijaza chumba, tukaambiwa tusiguse kabla ya kunawa mikono.

Mwaka 2007 Utexafrica iliacha kufuma. Sababu zilizotajwa zilikuwa vikwembe vya bei rahisi kutoka Asia, vingi vikiingia bila kulipiwa ushuru, vingine vikiwa vimenakiliwa picha za wafumaji wa hapa hadi ua la mwisho. Texaf yenyewe haikufa. Bado hisa zake zinauzwa katika soko la Brussels. Majengo ya kiwanda yaligeuzwa ofisi, nyumba za kupangisha, na siku hizi pana hata kituo cha kompyuta za kuhifadhi data. Imetimiza miaka 100, na sikatai kwamba ni kampuni hodari. Ila nikiziweka mbili hizi pamoja, ya Verviers na ya Kinshasa, najiuliza tunahesabu umri wa nini tunaposema kampuni ni ya kale. Simonis ilipoteza karibu masoko yake yote ikabaki na kazi. Texaf ilibaki na jina, kiwanja na hisa, na wale waliojua kuunga uzi uliokatika huku mtambo unazunguka wakaenda nyumbani na ujuzi wao. Kwangu mimi kiwanda cha Utexafrica kilikufa. Kilichosherehekea miaka 100 ni ardhi.

Nani alileta vikwembe vile vya Asia? Hapa nitasema jambo ambalo wenzangu wa Butembo hawatalipenda. Wengi walivileta, kila upande wa nchi, lakini upande wa mashariki mlango ulikuwa Kasindi, na mikono ilikuwa yetu. Tulikwenda Dubai, kisha Guangzhou. Tulifika kabla ya wengine, tukajifunza kuhesabu kwa Kichina, tukajaza makontena yaliyopita Mombasa na Kampala hadi hapa. Baba naye, alipoona barabara ya Kisangani imekuwa matope na vita, aligeukia Kasindi. Robota la kwanza la Kichina alilifungua nyumbani kama kawaida yake. Harufu ilikuwa nyingine, ya plastiki. Aliligeuza, akaona picha ya kikwembe ambacho mwaka mmoja kabla alikileta kutoka Kisangani, ileile, bei chini ya nusu. Alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Watu watavaa," akalifunga. Na kweli walivaa, hata wale ambao hawakuwahi kumudu kikwembe kipya. Sijui nimlaumu vipi mtu aliyewavika. Najua tu kwamba katika kuwavika hao, tulikuwa pia tunamvua mfumaji wa Kisangani, na hatukuwahi kulizungumza.

Wanaosema Butembo ina fedha za kutosha kujenga kiwanda chake chenyewe wanasema kweli nusu. Fedha zipo, umeme ndio shida. Kwa miaka mingi umeme wa serikali haukutufikia, hadi wenyeji wakachangishana na kuunda kampuni yao, SENOKI, kuutafuta. Wafumaji wa Verviers walijengewa bwawa na serikali yao; sisi tulichanga kwa bahasha baada ya misa. Mtambo wa kufuma hauwezi kuzimwa na kuwashwa kama redio. Umeme ukikatika katikati ya kitambaa, alama inabaki, na kitambaa chenye alama hakiuziki kwa bei yake.

Anayefuma Butembo leo hahitaji umeme. Anakaa mlangoni na sindano mbili. Kabla ya shule kufunguliwa utawaona, mama na binti zao, wakifuma matriko ya wanafunzi, kila shule na rangi yake. Nilimwendea mmoja, jirani yetu, nikamwomba kipande cha uzi. Nilipowasha kiberiti akashtuka.

"We mwana, unachoma kazi ya watu?"

Uzi wake uliwaka kwa haraka, ukadondosha tone jeusi, na tone likaganda kuwa shanga ngumu ambayo kucha haikuweza kuivunja. Harufu ya nywele haikuwepo. Ni uzi wa petroli. Nikamweleza kwamba si sufu.

"Najua," akasema, bila kuinua macho. "Sufu ingemwasha mtoto, na mama yake asingelipa. Huu unafuliwa, unakauka, mwaka ujao mdogo wake atauvaa. Wewe unataka nini, joto au kondoo?"

Sikuwa na jibu. Alikuwa ameshika mkono wa triko, akihesabu midomoni. Alinionyesha mahali ambapo binti yake, msichana wa miaka kama kumi, aliruka tundu moja safu nane nyuma. Bila yeye kunyooshea kidole nisingeliona. Akafumua safu zote nane kwa kuvuta mara moja, akamrudishia mtoto, naye mtoto akaanza upya pasipo kununa. Nilifikiri juu ya Marie-Anne Simonis, nikajizuia kumtaja.

Uzi wa tatu nilioutia moto ulitoka Beni.

Kutoka kwetu hadi Beni ni kilomita 54, na katika kilomita hizo unashuka hadi kwenye joto. Blanketi si la lazima sana Beni, isipokuwa kwa mtu aliyelala nje. Tangu Oktoba 2014, mauaji yanayofanywa na kundi la waasi la ADF yamewatoa watu vijijini mara baada ya mara, wengine wakakimbia usiku na watoto mgongoni tu. Kisha ikaja Ebola, kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020, ikaua watu zaidi ya 2,200, na magodoro na matandiko ya wagonjwa yakachomwa moto. Shangazi yangu aliyeko huko alipokea wageni kumi na mmoja kutoka upande wa Oicha, na pamoja nao likaja blanketi la msaada, la kijivu, jembamba, lenye vidoto vya rangi ukilitazama kwa karibu: chembe ya nyekundu, ya buluu, ya kijani cha jeshi. Wageni walipoondoka waliliacha kama shukrani.

Uzi wake ulifanya mambo mawili kwa pamoja. Ulinuka nywele, na ulidondosha shanga. Sufu na petroli katika uzi mmoja.

Chembe zile za rangi ndizo zilizonieleza. Mwaka 1813, katika mji wa Batley, Uingereza, Benjamin Law aligundua namna ya kuchana matambara ya sufu hadi yarudi kuwa nyuzi, kisha kuyasokota tena. Ufundi huo ulihamia miji mingine, na katika miongo ya karibuni makao yake makubwa yakawa Panipat, kaskazini mwa India. Huko hupelekwa masueta na makoti makuukuu ya Ulaya na Marekani, yale yaliyochoka hata kwa mitumba. Hutenganishwa kwa rangi, hukatwakatwa, huchanwa, husokotwa, hufumwa. Kwa miaka mingi, sehemu kubwa ya mablanketi ya msaada yaliyogawiwa duniani penye tetemeko na penye vita yalifumwa Panipat. Chembe nyekundu kwenye blanketi la shangazi ni sueta ya mtu. Ya kijani labda ni koti la askari.

Nililala chini ya blanketi hilo usiku mmoja, Beni. Halikunichoma shingo.

Niliporudi Butembo nilifungua sanduku la Mama nikitafuta kitu cha nne cha kuchoma, na nikakuta vikwembe vyake vya zamani. Sikuvichoma. Nilivikunjua, nikakuta kwenye kingo za baadhi yake, katika mwandiko mdogo wa rangi uliopita urefu wote wa kitambaa, jina la kiwanda: Utexafrica, Sotexki. Vingi havina. Mafundi wa cherehani hukata ukingo ule kwa sababu ni mgumu na haupendezi kwenye mshono, kisha huufagia pamoja na vumbi jioni.

Basi, mama uliye na sanduku kama hilo, na wewe fundi unayesoma haya: usiukate. Ukunje ndani, ushone juu yake.